Mtangazaji wa Baba za Watu

Dar es Salaam,
Agosti 1999.

Kwa Baba yangu,
Katumba Stesheni, Mpanda.

Shikamoo Baba. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na kile kifua kilichokuwa kinanisumbua kipindi cha mvua kimeniacha chenyewe. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti chako cha kamba, Mama akiwa karibu, na nyumbani hakuna mgeni. Kama mgeni yupo, Rosine, wewe unayeisoma, ikunje kwanza, mpe mgeni uji, akishaondoka ndiyo uanze upya.

Mama anaendeleaje na mguu wake? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia naambiwa ameigawa nusu kwa jirani, na nusu nyingine anaitunza kwa ajili ya siku atakayoumwa zaidi. Mwambieni dawa ni ya kutumia. Na tumbaku, je, imeshachukuliwa, au bado mnalala nayo ndani mkiilinda na panya? Rosine naye naona mwandiko umenyooka tangu aingie kidato cha pili, ila barua zake ni fupi mno, utadhani kalamu inamuuma. Huku kwetu joto limepungua, na watu wa pwani wanavaa masweta kwa baridi ambayo nyie mngeiita mchana wa kawaida.

Baba, barua hii ni ndefu na ina jambo ndani yake. Nimeamua kuliandika mwenyewe kabla hujaletewa na abiria wa treni, maana wale wakifika Kaliua habari moja imeshakuwa tatu. Linahusu amri uliyonipa nilipokuwa naondoka, kwamba nikiwa nje ya Katumba jina lako lisitoke mdomoni mwangu. Nitalieleza kwa mpangilio, kama ninavyoeleza mechi, tangu filimbi ya kwanza. Mengi wewe unayajua. Lakini anayekusomea alikuwa hajazaliwa, na sitaki awe anasoma asichokielewa.

Rosine, wewe umezaliwa ukanikuta naitwa Sixte Ambrosi. Najua ulishamuuliza Mama kwa nini kaka yako ana baba mwingine, ukaambiwa nenda kachote maji. Ni hivi. Mzee Ambrosi alikuwa mshika bendera pale stesheni, Mha wa Kasulu, Mtanzania kamili. Yeye na Baba walikuwa marafiki wa kuazimana vitu: leo jembe, kesho baiskeli, keshokutwa redio. Nilipofaulu darasa la saba, nafasi za sekondari kwa watoto wa wakimbizi wa Burundi kama sisi zilikuwa za kubahatisha, na hata kutoka tu kwenye makazi kulitaka kibali. Ambrosi akaja jioni moja akasema anaweza kunipeleka shule Tabora kama mtoto wake. Alisema Kiha na Kirundi vinakaribiana, nikifungua mdomo hakuna atakayeshtuka.

Baba alimsindikiza mpaka njiani. Kesho yake aliniita nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, akaniambia kuanzia leo baba yangu ni Ambrosi. Kisha akasema maneno haya, na nayaandika kama yalivyo kwa sababu sijayasahau: "Jina langu liache hapa. Ukilitoa nje ya Katumba, kuna watu wanaweza kulifuata mpaka kwetu." Nikaitikia. Sikuuliza ni watu gani. Nilikuwa na furaha, siwezi kudanganya. Nilikuwa nawaza treni tu.

Tabora nilimaliza kidato cha nne, alama zikawa za kati, nikarudi Mpanda mjini, nikapata kazi ya kupima marobota kwenye ghala la tumbaku. Baba, kipindi kile ulikuwa unapita ghalani na mzigo wako, tunasalimiana kama mteja na karani. Ulikuwa unaniambia "habari za kazi, bwana Ambrosi," na mimi nakujibu "salama, mzee." Ukitoka hapo naenda kukaa nyuma ya marobota, nayahesabu upya yale niliyokwisha kuyapima. Sijawahi kukuambia hilo. Wewe nadhani ulikuwa unaenda kukaa mahali pengine.

Utangazaji ulianzia hapo Mpanda, na ulianza kwa shida ya jezi. Ligi ya wilaya ilichezwa Jumamosi na Jumapili, na kiongozi mmoja wa chama cha mpira alikuwa na spika mbili za kufunga juu ya pikapu, zikitumia betri ya gari. Aliyekuwa akitangaza aliugua, nikaombwa nishike maiki siku moja. Nikakuta jezi za timu zote mbili zimefuliwa mpaka rangi zimefanana, na namba mgongoni zimebanduka. Sasa utamwambiaje mtu aliyekaa mbali nani ana mpira? Nikafanya lililowezekana. Wachezaji nilikuwa siwajui majina, ila wazazi wao niliwajua, maana wote walipita ghalani au sokoni. Nikawa nasema mpira anao mtoto wa Bartolomeo fundi baiskeli, anampa mtoto wa Mama Suzana muuza dagaa wa Kapalamsenga, anapokonywa na mtoto wa Ndaki mwenye ng'ombe kule Usevya.

Basi uwanja ukachangamka ajabu. Wazazi waliokuwa hawajawahi kukanyaga kiwanjani wakaanza kuja. Huyo mzee Ndaki alikuwa hataki kabisa mwanae acheze, anasema ng'ombe wanachungwa na nani, na kuna siku alimfuata na fimbo mpaka golini. Aliposikia jina lake linatoka kwenye spika na watu wanageuka kumtazama, akasimama pale pale, akashusha fimbo, akauliza taratibu kama kijana amefunga au bado. Tangu siku hiyo akawa anafika mapema kuliko refa.

Mwaka 1994 ndipo televisheni za watu binafsi zilipoanza huku Dar. Timu moja ya huku ilikuja Mpanda kwa mechi ya kirafiki, na kwenye msafara alikuwemo dada mmoja, Esteria, aliyekuwa akitafuta watangazaji wa kituo kipya. Mechi nzima alisimama upande wa spika badala ya upande wa kiwanja. Jioni akanifuata, akaniuliza kama ninajua televisheni. Nikamwambia nimeiona mara moja, ilikuwa imezimwa. Akacheka, akaniambia inatosha.

Nilikuja Dar nikiwa Sixte Ambrosi wa Kasulu, kazi nikapata, na siku ya kwanza nikaharibu. Mimi nililelewa na redio ya kuazima, na kwenye redio usiposema mpira uko wapi, mpira haupo. Kwa hiyo nilisema kila kitu: kulia, kushoto, juu, chini, sasa anainama anafunga kamba ya kiatu. Esteria ndiye anayeongoza matangazo. Anakaa ndani ya gari lenye vioo vya picha, na sauti yake inaniingia sikioni kwa waya. Mapumziko alitoka akaniuliza kama nadhani watazamaji wote ni vipofu. Akasema watu wana macho, picha inaonyesha, niache picha ifanye kazi yake.

Nilikasirika wiki nzima. Halafu nikaona kwamba amenipa nafasi. Kama picha inasema mpira uko wapi, mimi nimebaki na muda wa kusema mpira uko kwa nani. Nikarudia mtindo wa Mpanda. Siku moja kabla ya kila mechi nilikuwa naenda kambini kwa timu zote mbili, nawauliza wachezaji mmoja mmoja: baba yako nani, anafanya kazi gani, kwenu wapi. Wengine walidhani ni mambo ya polisi. Siku ya mechi nikitaja mtoto wa fulani, mchoma mkaa wa Kisarawe, au mtoto wa fulani, mwashi wa Bukoba, simu za kituo zinapigwa mpaka zinachoka. Watu walikuwa wanapiga kusema huyo mwashi wanamjua, ndiye aliyewajengea.

Kulikuwa na beki mmoja anaitwa Abednego. Nilipomuuliza baba yake alinijibu hana baba wa kumtaja na akaomba nimruke. Nikamuuliza mama yake nani. Kesho yake nikatangaza "Abednego, mtoto wa Kabula, mkulima wa pamba." Baada ya mechi alinifuata kwenye gari letu, jasho linamtiririka, akanishika mkono, akaniomba nimtaje hivyo hivyo kila mechi. Kuanzia hapo wachezaji wakawa wanaomba wenyewe kutajiwa mama zao. Ndivyo nilivyopata jina mjini. Kwenye mabasi watu wananiita mtangazaji wa baba za watu. Kazi hii naipenda, Baba. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu ndiyo ninayoizungumzia sasa.

Wa kwangu je? Niliulizwa mara nyingi, na nilijibu bila kigugumizi: mtoto wa Ambrosi, mshika bendera wa Kasulu. Ulimi ulishazoea. Ungeniamsha usingizini ningekujibu hivyo hivyo. Nilikuwa nafuata ulichoniagiza na sikuona ubaya, mpaka mwaka juzi Mzee Ambrosi alipofariki.

Nilikwenda Kasulu kuzika, hilo mlilijua. Ambalo sikuwaambia ni namna nilivyozika. Wakati wa kutupa udongo watoto wa marehemu waliitwa wajipange kwa umri, na mtoto wake mkubwa akasogea pembeni akanishika bega akaniweka katikati yao, mbele ya watu. Hakuna aliyenung'unika. Nikatupa udongo wangu. Watu walinipa pole ya baba, na nililia kweli, maana yule mzee alinilea na hakuwahi kunidai hata asante. Lakini hapo hapo kaburini, Baba, nilikuwaza wewe. Nikajiuliza siku yako mimi nitasimama wapi. Nitakuwa karani wa ghala aliyekuja kutoa pole? Niliona aibu na niliogopa.

Sasa nafika kwenye mwezi huu. Mnajua vikwazo ambavyo Burundi iliwekewa na majirani viliondolewa mwanzoni mwa mwaka, na watu wameanza kupita mpakani kama zamani. Klabu moja ya Bujumbura ilialikwa kucheza hapa mechi ya kirafiki, na kituo chetu kikapewa kuionyesha moja kwa moja. Nilikwenda hotelini kwao siku moja kabla, kama kawaida yangu, nikawauliza wachezaji wazazi wao kwa Kiswahili. Vijana wa Bujumbura Kiswahili wanakijua, tena cha mjini. Kirundi nilikiacha nyumbani. Wenyewe wakitaniana mbele yangu, mimi nilitazama ukutani kama mtu asiyeelewa, na kuna utani mmoja kuhusu suruali yangu ulitaka kunitoa machozi kwa kicheko.

Siku ya mechi, kabla ya mpira kuanza, nilitakiwa kumhoji kiongozi wa msafara wao pembeni mwa uwanja. Alikuwa mzee anayeitwa Polycarpe, mrefu, amevaa koti zito kwenye jua lile na amelifunga vifungo vyote. Tulikuwa hewani tayari. Nikamkaribisha kwa Kiswahili. Badala ya kujibu alinitazama usoni kidogo, akanishika mkono juu ya kiwiko kwa mikono yake yote miwili, kama wanavyosalimia watu wetu, akaniambia, "Amashyo."

Rosine, unajua hapo ilivyo. Mkubwa akikutakia makundi ya ng'ombe huwezi kumwacha hivi hivi. Sisi ambao hatujafuga zaidi ya mbuzi wawili, na mmoja wao mwizi wa nguo zilizoanikwa kwenye kamba, tumefundishwa kuitika kabla ya kufundishwa kula. Sikuwaza. Mdomo ulijibu wenyewe, "Amashongore."

Mpaka hapo hapakuwa na ubaya mkubwa. Mha anaweza kuitika salamu ya jirani yake, nani atamkamata? Lakini mzee hakuniachia mkono. Alitabasamu, na akaniuliza kwa Kirundi mimi ni mwana wa nani. Aliuliza kwa upole, kama anavyouliza mtu yeyote wa kwetu akikutana na kijana njiani. Mpiga picha alikuwa mbele yangu, taa ya kamera inawaka, na Esteria sikioni ananiuliza mzee anasema nini, tafsiri. Jibu nilikuwa nalo. Ni lile lile la siku zote.

Baba, nilishindwa kulitoa. Mtu amekushika mkono hivyo, anakuuliza kwa lugha uliyonyonyea. Kumtajia baba wa kuazima niliona ni kumdharau yeye, na wewe, na marehemu Ambrosi pia. Nikamjibu kwa Kirundi, na sauti yangu niliisikia ikitoka kwenye spika za uwanja: "Mimi ni mwana wa Libérat Nyandwi, wa Katumba."

Rosine, simama kidogo hapo. Kama Baba anataka kutoka nje, mwache atoke, azunguke bani, arudi. Usimfuate.

Ni mara yangu ya kwanza kulitamka jina hilo mbele ya watu, na ni mara ya kwanza kuliandika. Nilingoja kitu kitokee. Nilidhani mzee atashtuka, au ataniachia mkono. Hakushtuka. Akasema Nyandwi ni kila mtoto wa saba, kwamba hata nyumbani kwake anaye Nyandwi mmoja, na Libérat wamebatizwa wengi kuliko viti vya uwanja ule. Halafu akaniuliza, "Nyandwi wa mlima gani?"

Nikanyamaza. Mimi ambaye nimetangaza miaka mitano bila kukosa neno, nikasimama mbele ya nchi nzima mdomo wazi. Esteria ananiambia ongea, ongea, na mimi sina cha kuongea. Wewe hujawahi kunitajia mlima. Tulipokuwa wadogo, mtu akianza tu kuuliza kule tulikotoka, unachukua shoka unaenda kupasua kuni, na kuni za nyumbani kwetu hazijawahi kutuishia. Nikatikisa kichwa. Mzee alielewa. Akageukia kamera akasema kwa Kiswahili safi kwamba timu yake ina afya, imekuja kucheza, na anawashukuru wenyeji. Ndiyo yakawa mahojiano yote.

Mechi niliitangaza. Ilikuwa sare ya bao moja kwa moja, na wanasema nilitangaza vizuri, mimi sikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba ndipo nilipowaelewa wale vijana hotelini. Kila mmoja, nilipomuuliza baba yake, alitaja jina la mzee na kuongeza jina la mlima wa kwao, kama huku mtu anavyotaja kijiji, na mimi kwa kujiona mjuzi nikadhani milima ni maelezo ya ziada, nikaiacha. Mtu aliyezaliwa na watu wale wale, anayewauliza watu kwao kila wiki, hakujua kwamba jina bila mlima halijakamilika. Jina lako tulilolificha miaka yote hii, Baba, peke yake lisingempeleka mtu yeyote kwako.

Jioni mzee Polycarpe alinisubiri karibu na basi lao. Nilidhani atanipa mawaidha. Aliangalia kwanza kama kuna kamera, kisha akaniambia, "Mimi mwenyewe mlima wangu nisingeutaja mbele ya watu siku hizi za vita. Usimlaumu baba yako." Akapanda ngazi moja ya basi, akageuka. "Lakini wanangu wanaujua." Akaingia ndani, nami sikumwona tena.

Kesho yake niliitwa ofisini. Kulikuwa na watu waliopiga simu kuuliza kama mtangazaji ni mkimbizi, na kama ni mkimbizi, kibali chake cha kukaa Dar kiko wapi. Sina kibali, kwa sababu Sixte wa Kasulu hakikumhusu. Esteria alinitetea kwa nguvu, na alikuwa na njia tayari. Alisema kipindi kijacho nicheke kidogo hewani, niseme Waha na Warundi ni watani, nilikuwa namtania mzee. Dakika moja tu, na mambo yameisha. Alikuwa na nia njema, na meneja wa kituo alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nikamwambia, "Dada, nimewataja baba za watu kwa heshima. Wa kwangu sitamfanya utani."

Kwa hiyo nimesimamishwa, Baba. Hawakunifukuza kwa matusi. Meneja alinipa mkono, akasema niende nikaweke mambo yangu sawa huko makazini, nikipata kibali tutazungumza. Nilimwona usoni kwamba hategemei kuniona tena. Jumapili iliyopita mechi ilitangazwa na kijana mwingine. Niliitazama nikiwa kwenye duka la kinyozi. Alisema kulia, kushoto, juu, chini. Abednego alipopata mpira, alimwita namba tano.

Sijuti, na pia sina raha. Naandika yote mawili kwa sababu yote ni kweli. Nimeivunja amri yako mahali ambapo usingetaka kabisa ivunjwe, na kama kuna mtu atakuja kukuuliza maswali kwa sababu yangu, niwe nimeshafika niulizwe mimi. Ndiyo maana nimeshakata tiketi. Nitashuka hapo stesheni wiki ijayo, na mizigo yangu yote, na nitakwenda mwenyewe ofisi ya makazi kujiandikisha kwa jina langu na lako. Usije kunipokea kama utaona watu ni wengi. Nitakuja kwa miguu, njia naijua.

Nikifika sitakuuliza kwa nini tuliondoka, wala nani alifanya nini, wala ni kina nani tuliwaacha nyuma. Hayo ni yako. Ukitaka kufa nayo, utakufa nayo, na mimi nitakuwa mstari wa mbele kutupa udongo. Ninachoomba ni jina la mlima. Sitalitangaza. Nataka tu siku nyingine mzee akinishika mkono na kuniuliza, hata kama nitaamua kunyamaza, niwe nanyamazia kitu ninachokijua. Kama huwezi kulisema, mwambie Mama aniambie. Kama naye hawezi, basi, nitachukua shoka la pili, tutapasua kuni wote wawili.

Nisalimie majirani wote wa upande wa reli, na yule katekista, mwambieni betri za redio yake nimezinunua. Mama mwambieni namletea dawa nyingine, na safari hii nitamchua mwenyewe ili isigawiwe. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Rosine, mdogo wangu, ukishafika hapa usiseme kitu. Usimuulize wewe. Kaa hapo ulipo, barua iweke mapajani, umwache Baba anyamaze atakavyo. Na kama akisema, sikiliza vizuri, kwa maana huo mlima ni wako pia.

Mwanao,
Sixte.